Maswali ya Wasomaji: Macho Yaliyozoea

Katika toleo lililopita ukurasa huu uligusa, kwa aya mbili tu, neno uzingativu, yaani hali ya mtu kuwa na akili yake pale alipo, akiona kinachotendeka mbele yake badala ya kuona alichotarajia kukiona. Nilidokeza pia kwamba taasisi nyingi zinazolalamika kukosa ubunifu zimepungukiwa na uzingativu kabla ya kupungukiwa na fedha. Sikutarajia barua nyingi kiasi hiki. Nyingine zimeandikwa kwa Kiswahili sanifu, nyingine kwa kile ambacho msomaji mmoja wa Masaka amekiita, akiomba radhi, Kiswahili cha kambini. Radhi haihitajiki, ndugu yangu, kwa sababu barua yako imeeleweka kuliko ripoti nyingi zilizopita mezani kwangu mwaka huu. Nimechagua barua tano, na majina ya waandishi pamoja na mahali pao pa kazi nimeyaacha kwa ombi lao.

Mwalimu, mimi ni meneja wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Mbale. Kila mwaka tunakodi ukumbi, tunanunua soda na chapati, tunawaomba wanachama na wafanyakazi watoe mawazo mapya. Huu ni mwaka wa nne, na wazo linalotoka ni lile lile: tutafute mkopo tununue lori. Je, watu wetu hawana vipaji vya ubunifu, au ni mimi nisiyejua kuwaongoza? — Meneja, Mbale

Ndugu Meneja, mtu anayejua kwa kutia jino kwenye punje kama kahawa imekauka hajapungukiwa na kipaji cha kutambua mambo. Tatizo liko mahali pengine, na kabla sijakueleza nadhani liko wapi, nakuomba uchukue kalamu.

Una vyombo vitatu vya maji visivyo na alama ndani: cha kwanza kinachukua vipimo 21, cha pili 127, cha tatu 3. Unatakiwa upate vipimo 100 kamili. Ukihangaika kidogo utaiona njia: jaza kile kikubwa, mimina kutoka humo ujaze cha kwanza mara moja, kisha ujaze cha tatu mara mbili, 127 ukitoa 21, ukitoa 3 na 3 nyingine, zinabaki 100. Mwanasaikolojia Abraham Luchins, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1942, aliwapa watu mfululizo wa mafumbo ya namna hii, yote yakifunguka kwa ufunguo huo mmoja. Halafu akawapa jingine: vyombo vya 23, 49 na 3, wapate 20. Wengi wao walijaza cha 49, wakatoa 23, wakatoa 3 mara mbili, wakapata 20 wakaridhika. Watu ambao hawakuwa wamepitishwa katika yale mafumbo ya mwanzo waliona kwa wepesi kwamba 23 ukitoa 3 ni 20, kazi imekwisha. Jibu la wale wa njia ndefu lilikuwa sahihi, na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa aliyepata jibu sahihi haoni sababu ya kurudi nyuma kutazama kama kulikuwa na njia fupi. Luchins aliwataka baadhi yao wajiandikie kwenye karatasi onyo la kutokuwa vipofu kabla ya kuendelea. Onyo hilo dogo liliwaamsha baadhi yao, ingawa si wote.

Lori lenu linanikumbusha kile chombo cha 49. Inawezekana mnalihitaji kweli, kwani sizijui barabara zenu za mvua na siwezi kulikataa nikiwa nimekaa mezani kwangu. Lakini wazo likijirudia miaka minne bila kubadilika hata rangi ya bodi, huwa nashuku kwamba swali lenyewe ndilo halijabadilika. Mkikusanyika ukumbini mnajiuliza mnakosa nini, na swali hilo huja na jibu lake mkononi, nalo ni kile alicho nacho jirani.

Nikupe kisa nilichokiona kwa macho yangu. Miaka ya nyuma niliombwa kukaa wiki mbili katika chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho sitakitaja, kilichokuwa kinalalamikiwa kwa foleni ndefu siku za Ijumaa. Mweka hazina aliandika kila stakabadhi kwa nakala tatu akitumia karatasi ya kaboni: nyeupe alimpa mwanachama, ya bluu ilibaki kitabuni, na ya waridi aliichana taratibu kwa kuibana na rula ili isipasuke, akaigonga mhuri, akapuliza wino ukauke, akaiingiza katika boksi la sabuni lililokuwa chini ya meza. Siku ya tatu nikamwuliza ile ya waridi inakwenda wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linakwenda wapi. Boksi likijaa, akasema, linapelekwa stoo. Tulipofungua stoo tulikuta maboksi kumi na moja, la chini kabisa likiwa limeliwa na mchwa, na hapakuwa na mtu aliyekumbuka kuwa limewahi kufunguliwa hata moja. Ilibidi aitwe mzee mmoja miongoni mwa waanzilishi ndipo tukaambiwa kwamba nakala ya waridi ilikuwa ya mkaguzi aliyekuwa akija kutoka mjini, na ambaye aliacha kuja kabla mweka hazina huyo hajaajiriwa. Kuiondoa hakukuhitaji mkopo wala semina. Na kwa miaka yote hiyo chama kile kilikuwa kikiketi vikao vya kutafuta mawazo mapya, na kila kikao kiliomba kompyuta.

Mimi nisingeiona nakala ile kama ningekuwa nimeajiriwa pale. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa kawaida tunafikiria kuku anayechinjwa mgeni anapofika, ambaye mwenyeji naye hula. Mimi huisikia pia kwa namna nyingine: mgeni huuliza lile swali la kijinga ambalo mwenyeji ameshalipita mara elfu mlangoni mwake.

Basi mwaka huu, kabla ya kukodi ukumbi, chagua watu wawili ambao hawapimi kahawa, kwa mfano karani aliyeajiriwa juzi na mama mmoja anayeleta kahawa yake kwa kuibeba kichwani. Waketi karibu na mizani siku nzima ya msimu, asubuhi hadi jioni, kila mmoja na daftari lake, nao waandike wanachokiona tu, bila maoni. Nani anasubiri na kwa muda gani, gunia la nani limerudishwa na kwa sababu gani, karani anaandika jina lile lile mara ngapi katika vitabu vingapi. Zaidi ya yote waandike watu wanafanya nini na vitu vyenu ambacho ninyi hamkukikusudia. Kama wakulima wanatumia turubai zenu za kuanikia kahawa kwa kuanikia maharage, msikimbilie kuwakaripia, kwa maana hapo pana habari.

Nasema hivyo kwa sababu jambo kubwa kuliko yote yaliyoibuka katika ukanda wetu katika miaka hii lilizaliwa hivyo. Huduma ya M-Pesa ilipoanza kujaribiwa Kenya mwaka 2005, kusudi lake lilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa marejesho ya mikopo kwa simu. Waliosimamia jaribio wakaona watu wanafanya mambo ambayo hayakuwamo katika mpango: huyu anaweka fedha kabla ya safari na kuzitoa afikapo, ili asitembee na noti mfukoni, yule anamlipia mwenzake mkopo kama malipo ya kazi aliyofanyiwa. Msimamizi mwenye mazoea ya kiofisi angeliita jambo hilo matumizi mabaya na kulitungia kanuni ya kulizuia. Wao walilifuata lilikoelekea, na huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilikuwa ya kutumiana fedha. Miaka miwili baadaye MTN ikaanzisha ya kwake hapa Uganda, na sasa hata muuza nyanya wa Mbale anakuuliza kama utamlipa taslimu au kwa simu.

Siku ya mkutano ikifika, daftari zile mbili zisomwe kwanza. Kisha kila mtu aandike mawazo yake peke yake kabla ya yeyote kufungua mdomo, na asiyeandika amnong'oneze karani. Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha mwaka 1987 kwamba watu wanaofikiri kila mmoja kivyake hutoa mawazo mengi zaidi, yakijumlishwa, kuliko idadi ile ile ya watu waliokaa pamoja, hasa kwa sababu mmoja anapozungumza wengine hulazimika kungoja, na wazo linalongojeshwa hupotea. Katika mikutano yetu kuna sababu nyingine ambayo haikuhitaji mtafiti: wa kwanza kusema ni mwenyekiti, na mwenyekiti akishasema lori, nani atasimama aseme turubai?

Mwalimu, mhubiri wetu ametuonya kwamba huu uzingativu ni ibada ya Kibudha inayoingizwa maofisini kwa kificho. Mwajiri wangu anataka tuhudhurie mafunzo yake kila Jumatano. Nifanyeje? — Mwumini, Kampala

Kuhusu asili yake mhubiri wako hajakosea. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo hayo mwaka 1979 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Marekani kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha, alikuwa mwanafunzi wa walimu wa Kibudha, naye alichukua mazoezi yao ya kutulia na kufuatilia pumzi akayatenga na imani yao. Kama dhamiri yako haikuruhusu kufumba macho na kufuata pumzi kwa namna hiyo, mwambie mwajiri wako kwa adabu. Mimi sioni haki ya mwajiri kumlazimisha mfanyakazi afumbe macho.

Hata hivyo kuna tawi jingine la elimu hii ambalo halina uhusiano na kukaa kimya. Ellen Langer wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1989, anaueleza uzingativu kuwa ni tabia ya kutambua mambo mapya katika kitu ulichodhani unakijua, na kutokubali kwamba jina la kitu limemaliza habari zake. Kwa kazi ya ubunifu mimi napendelea tawi hili, na sidhani kwamba kuna msikiti au kanisa litakalokuzuia kutazama vizuri.

Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Waislamu wana neno khushuu, kuuhudhurisha moyo katika sala, na wanafahamu vizuri kwamba mtu anaweza kusimama, kurukuu na kusujudu kwa utaratibu usio na dosari huku moyo wake uko sokoni, hata asijue kama amesali rakaa tatu au nne. Ndiyo maana ikawepo sijida ya kusahau, anayoileta mwenye kusali aliyekosea kwa kusahau. Mkristo aliyewahi kufika mwisho wa Baba Yetu akagundua kwamba alikuwa anahesabu ada za shule naye ananielewa. Mikutano mingi ya idara husaliwa kwa namna hiyo, ila haina sijida ya kusahau.

Je, mazoea yote ni adui wa ubunifu? Mimi ni fundi pikipiki, na kazi yangu yote ni mazoea. — Fundi, Jinja

La, fundi, na usikubali kuambiwa hivyo na mtu wa semina. Mwendesha boda boda anayelazimika kufikiria klachi hana akili iliyobaki ya kuliona shimo lililo mbele yake. Sikio lako wewe limezoea mlio wa injini nzima, na ni kwa sababu ya mazoea hayo kwamba mlio wenye kasoro unakushtua kabla mteja hajashuka. Wataalamu wawili wa mambo ya taasisi, Daniel Levinthal na Claus Rerup, waliandika mwaka 2006 kwamba vitu hivi viwili hutegemeana, kwa maana anayebuni jambo jipya papo kwa hapo hulijenga kwa vipande vya mazoea aliyojiwekea zamani.

Ninachokiogopa ni mazoea yasiyorudishwa kamwe mezani. Mara moja kwa mwezi chukua hatua moja ya kazi yako, kwa mfano kwa nini pikipiki isiyowaka unaanza kwa kufungua plagi, ujiulize sababu. Ukiipata, endelea.

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huku West Nile. Niliona kwamba dawa mbili za watoto zenye chupa zinazofanana zinawekwa rafu moja, na siku moja nusura nimpe mtoto isiyo yake. Nilipolisema kikaoni niliambiwa nisilete fitina. Sasa nimenyamaza. Ninyi mnasema uzingativu huzaa ubunifu. Mimi uliniletea aibu. — Muuguzi, West Nile

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na nakubali kwamba toleo lililopita lilizungumza kana kwamba kuona kunatosha.

Nchi yetu ina kisa kimoja cha kuona ambacho kingestahili kujulikana na kila mtu anayefanya kazi wodini. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, kushoto na kulia, juu na chini. Burkitt hakuwa na jibu. Wiki chache baadaye alikuwa katika ziara ya hospitali ya Jinja, akatupa jicho dirishani, akamwona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Akatoka nje kumchunguza, na alimkuta na uvimbe tumboni pia. Aliporudi Kampala akaanza kupekua majalada ya zamani, na yakaonyesha kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa wakipita hospitalini miaka yote, ila wa taya alikuwa ameandikwa chini ya taya, wa tumbo chini ya tumbo, wa jicho chini ya jicho, kila mtaalamu akishika kipande chake bila kujua kwamba ugonjwa ni mmoja. Burkitt alichapisha habari hizo mwaka 1958, na mwaka 1961 akaondoka na wenzake wawili kwa gari, wakasafiri takribani kilomita elfu 16 wakiuliza hospitali kwa hospitali mahali ugonjwa unapoonekana na usipoonekana. Leo saratani hiyo ina jina lake.

Kisa hakikuishia hapo. Vipande vya uvimbe vilikuwa vikisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London kwa mtafiti Anthony Epstein, na Desemba 1963 ukungu uliichelewesha ndege moja, hata chupa ilipomfikia maji yake yalikuwa yamechafuka, kama maji yaliyoingiwa na bakteria. Mazoea ya maabara ni kuyamwaga. Yeye aliweka tone chini ya hadubini kwanza, akakuta kwamba uchafu ule ulikuwa chembe hai za uvimbe zilizobanduka na kuelea. Kutokana na chembe hizo yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza mwaka 1964 virusi ambavyo ndivyo vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Sasa tazama ni nini kilichowezesha haya yote. Trowell hakujua, akamwita mwenzake bila kuona haya. Burkitt hakujua, akasema hajui. Na Burkitt alikuwa mpasuaji katika hospitali kubwa ya serikali ya kikoloni. Akisema jambo, jambo linaandikwa. Huwa najiuliza wauguzi waliokuwa wakiwaosha watoto wale walikuwa wameziona nyuso ngapi kabla yake, na kama kuna aliyewahi kuwauliza.

Kwa hiyo unapoambiwa kwamba ubunifu ni suala la akili ya mtu mmoja iliyotulia, usikubali haraka. Taasisi nayo ina macho, na macho yake hufumbuka au kufumba kulingana na yanayompata mtu wa chini anaposema ameona. Mtafiti Amy Edmondson wa Marekani, katika miaka ya 1990, alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali, akitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Hesabu zikamjia kinyume: timu hizo ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi. Ilimchukua muda kutambua kwamba katika wodi zile watu walithubutu kutaja makosa, yakaandikwa, wakati kwingineko makosa yalifichwa hadi mgonjwa mwenyewe ayaonyeshe. Msimamizi anayejivunia kwamba kitabu chake cha makosa ni cheupe anapaswa kuogopa weupe huo.

Ushauri wangu kwako ni mdogo, na sitakuficha kwamba una hatari yake. Usilirudishe jambo hili kikaoni kwanza. Mtafute mwenzako mmoja wa zamu unayemwamini, mwende wawili kwa msimamizi wakati ana nafasi, na uanze na neno "mimi": mimi nusura nimpe mtoto dawa isiyo yake, siku fulani, saa fulani, taa ilikuwa imezimika. Aliyekuita mleta fitina alisikia kwamba unawashtaki wengine, na ni vigumu kumwita mtu fitina anapojishtaki mwenyewe. Nenda na chupa zote mbili mkononi, uziweke mezani pake lebo zikiwa zimeelekea kwako, umwombe achague. Halafu omba kitu kisichogharimu: moja ihamie rafu ya chini, au kila chupa ya aina ile ifungwe utepe wa plasta shingoni ili kidole kiitambue hata gizani. Akikubali, lisemwe kikaoni kuwa ni lake. Najua haikupendezi. Lakini utepe ukishafungwa, watoto hawataulizwa ni wazo la nani.

Na kama msimamizi wako anausoma ukurasa huu, namwomba kwa heshima afungue kikao kijacho kwa kutaja kosa lake mwenyewe la mwezi uliopita, halafu anyamaze, asubiri, hata ukimya ukirefuka.

Mkurugenzi wetu amerudi kutoka semina ya Entebbe akatangaza mambo mawili: dakika kumi za ukimya kila asubuhi kabla ya kazi, na kwamba kufikia Desemba kila idara iwe inatumia akili mnemba, kwa sababu kila mtu anaitumia. Je, ukimya huo utatuletea ubunifu? — Afisa, Kampala

Ndugu Afisa, nitayatenganisha, kwa sababu la kwanza lina faida kidogo mkijua mahali pa kuliweka, na la pili linanitia wasiwasi kwa jinsi lilivyosemwa.

Ukimya hauzai matunda ya aina moja. Lorenza Colzato na wenzake wa Leiden, Uholanzi, walichapisha mwaka 2012 utafiti juu ya kundi dogo la watu waliokuwa tayari na mazoea ya kutafakari, wakaona kwamba ile namna ya kuiacha akili ipokee kila kinachopita bila kukishikilia iliwasaidia kutaja matumizi mengi ya kitu cha kawaida, ilhali kuikaza akili juu ya kitu kimoja hakukuwapa faida hiyo. Andrew Hafenbrack na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba dakika kumi na tano za kufuatilia pumzi humpunguzia mtu ule ukaidi wa kuendelea na mradi mbovu kwa sababu tu ameshautilia fedha nyingi. Lakini Hafenbrack huyo huyo, pamoja na Kathleen Vohs, waliripoti mwaka 2018 kwamba aliyetoka kutulia huwa na hamu ndogo zaidi ya kuanza kazi ya kawaida, ingawa akiianza haifanyi vibaya kuliko wengine. Jambo hili halinishangazi, maana aliyepumzika hakimbilii jembe. Kwa hiyo mwambieni mkurugenzi kwamba ukimya kabla ya kujaza fomu za malipo ni hasara, na ukimya kabla ya kikao cha kuamua kama ule mradi wenu wa zamani ufe au uishi ni hazina. Kila taasisi Kampala ina mradi wa namna hiyo.

Kuhusu la pili, mwaka 1978 Ellen Langer niliyemtaja juu na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwenye mashine ya kutolea nakala huko New York. Mtu alimwendea aliye mbele ya foleni akaomba atangulie kutoa kurasa tano. Alipoomba bila sababu, asilimia 60 walimruhusu. Aliposema ana haraka, wakafika asilimia 94. Na aliposema anaomba atangulie kwa sababu anataka kutoa nakala, ambayo si sababu hata kidogo, kwani wote pale walitaka kutoa nakala, walimruhusu asilimia 93. Masikio yalisikia "kwa sababu" yakatosheka. Jambo la kutia moyo ni kwamba kurasa zilipokuwa 20, sababu tupu haikufua dafu. Gharama ilipopanda watu waliamka.

"Kwa sababu kila mtu anaitumia" ni sababu ya aina hiyo, na gharama yenu si kurasa tano. Burton Swanson na Neil Ramiller waliandika mwaka 2004 juu ya tabia hii ya mashirika kununua teknolojia mpya kwa kufuata msafara, bila kutazama kazi zao wenyewe zinavyokwenda, kisha kuitelekeza kimya kimya msafara ukigeukia pengine. Sikatai akili mnemba. Ninaomba idara moja, yenu ikiwezekana, ikae siku mbili na kuandika ni kazi ipi inayowala saa nyingi, nani anaifanya, na anakwama wapi, halafu mwende kwa mkurugenzi na karatasi hiyo mkimwomba ajaze pengo moja: tunaitaka programu hii kwa ajili ya kazi gani. Mnaweza kugundua kwamba mnaihitaji. Mnaweza pia kugundua kwamba mna nakala ya waridi.

Na hizo dakika kumi zenyewe, kama hatazihamisha, basi mwombeni zianze saa mbili na nusu badala ya saa mbili kamili, kwa sababu wenzenu wanaotoka Mukono saa hiyo bado wamekwama kwenye foleni ya magari hapo Kireka, na mtu anayeingia akihema katikati ya ukimya wa watu thelathini hatakuwa na wazo lolote jipya hadi saa sita mchana.